Kamera kuukuu isinunuliwe kwa jina lake

Mtu atakaye kuiona sura ya Mikese ya zamani hana budi kuitafuta mbali na Mikese. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwishoni mwa mwaka 1907, na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Katika miaka hiyo Mjerumani mmoja aitwaye Walther Dobbertin alikuwa na studio yake Dar es Salaam, naye alizunguka nchi akipiga picha. Mkusanyo wake umo leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani. Mwaka 1916, vita vya wakubwa vilipopita Morogoro, stesheni ya Mikese iligeuzwa mahali pa kushushia shehena za jeshi la Waingereza, zikachukuliwa kwa malori na kwa vichwa vya wapagazi kuelekea Kisaki na bonde la Rufiji. Picha nyingi za vita hivyo nazo zimewekwa London. Jenerali ameandikwa jina lake chini ya picha. Mpagazi ameandikwa “mpagazi”, kama ameandikwa.

Hatuyasemi haya kwa kuwalaumu waliozihifadhi picha hizo, kwani wasingalizihifadhi zingalikwisha kuoza. Tunayasema kwa sababu yanatufundisha jambo moja la msingi: aliyeshika kamera, na baadaye akazitunza negativu zake, ndiye aamuaye nani atakumbukwa. Kazi hiyo haifai kuachiwa wapita njia siku zote.

Siku hizi simu ya mkononi imempa karibu kila mtu kamera, na hiyo ni neema. Hata hivyo picha ya simu ni mgeni asiyekaa. Simu huibwa, huanguka majini, au hujaa, na mwenyewe akafuta harusi ya dada yake ili apate nafasi. Pengine hiyo ndiyo sababu, pamoja na mvuto wa kitu cha kale, iliyowafanya vijana kadhaa kuanza kuziulizia kamera za filamu ambazo wazazi wao walizisahau makabatini. Katika nchi za nje wimbi hilo limekwisha kuwa biashara. Kampuni ya Kodak, iliyokimbilia ulinzi wa sheria ya ufilisi mwaka 2012, iliirudisha sokoni filamu ya Ektachrome mwaka 2018. Na mwaka 2024 kampuni ya Ricoh ya Japani ilitoa kamera mpya ya filamu, Pentax 17. Nasi twajua kuwa penye biashara hapakosi ujanja. Kitu kilichokuwa kikitupwa jana, leo hufutwa vumbi, hupakwa mafuta, na kupewa bei ya dhahabu.

Leo basi tunapenda kumzungumzia mnunuzi mgeni: mwalimu au mwanafunzi wa Mikese, mvuvi wa Nungwi, karani wa Mkoani, ambaye hajapata kushika kamera ya filamu na ambaye fedha yake ni ya jasho. Ushauri wetu waweza kusemwa kwa maneno machache. Kamera hainunuliwi kwa ajili ya kamera. Hununuliwa kwa ajili ya negativu. Kila swali la mnunuzi na lipimwe kwa kipimo hicho.

Kwanza filamu

Wengi huanza na jina lililochongwa juu ya kamera. Sisi tunashauri waanze na filamu, kwa sababu kamera isiyopatiwa filamu ya ukubwa wake ni pambo la rafu. Ziko filamu za aina mbili ambazo bado zinatengenezwa na viwanda kadhaa. Ya kwanza ni 135, yaani mkanda wa milimita 35, unaotoa picha 24 au 36. Ya pili ni 120, mkanda mpana unaoviringishwa pamoja na karatasi, ambao katika kamera ya picha za mraba hutoa picha 12. Kamera zilizopendwa sana studio, kama vile Yashica Mat yenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine, hutumia mkanda huu wa 120.

Mtego uko penginepo. Kamera za Kodak Instamatic, zilizotoka mwaka 1963 na kuenea ulimwenguni kote, hutumia kasha la filamu la ukubwa wa 126, ambalo halitengenezwi tena viwandani. Filamu za 620 na 127, zilizotumiwa na kamera nyingi za sanduku, Kodak iliacha kuzitengeneza mwaka 1995. Kamera ya namna hiyo yaweza kuwa safi, ya bei ndogo, na muuzaji wake mtu mwaminifu. Lakini kuinunua ni sawa na kununua jiko la mafuta ya taa katika kijiji ambacho mafuta ya taa hayafiki tena. Wako mafundi wanaojua kuzilisha filamu nyingine kwa hila, lakini mwanafunzi asianzie kwenye hila.

Akiisha kuujua ukubwa wa filamu, mnunuzi aulize maswali mawili zaidi: filamu nitaipata wapi, na nani ataisafisha? Studio nyingi zilizokuwa zikisafisha filamu zimehamia kwenye kompyuta, na filamu yenyewe mara nyingi huagizwa kutoka nje. Kwa hiyo apige hesabu ya mwaka mzima. Achukue bei ya filamu kumi, aongeze gharama ya kuzisafirisha na kuzisafisha, kisha ailinganishe na bei ya kamera. Ataona kuwa kamera ndiyo sehemu ndogo ya hesabu. Asiyeweza kulipia filamu kumi kwa mwaka afadhali angoje, au aungane na wenzake watatu au wanne wanunue kamera moja kwa ushirika.

Unyevu hauna ukabila

Wasomaji wetu wa Visiwani huenda wakauliza: Mikese na sisi, wapi na wapi? Jibu liko angani. Upepo wa Bahari ya Hindi unaozuia nguo kukauka Unguja na Pemba wakati wa masika ndio huohuo unaopanda milima ya Uluguru na kugeuka mvua. Ndiyo maana mteremko wa mashariki wa milima hiyo hupata mvua nyingi kuliko ule wa magharibi. Mikese iko kilomita zipatazo 30 mashariki ya mji wa Morogoro, bondeni, milima ikionekana. Joto lake na unyevu wake, kama joto na unyevu wa Visiwani, ni chakula cha adui mmoja: kuvu wa lenzi.

Kuvu huyu huota juu ya kioo na ndani kati ya kioo na kioo. Huonekana kama utando wa buibui au mizizi myembamba iliyotawanyika. Akikaa muda mrefu huula ule utandazo mwembamba uliopakwa juu ya lenzi ili kupunguza mng'ao, na hata akisafishwa kovu hubaki. Picha zake hutoka zimefifia kana kwamba zimepigwa kwa ndani ya chandarua.

Njia ya kumgundua ni rahisi, nayo haihitaji fundi. Mnunuzi aende na tochi. Afungue mgongo wa kamera baada ya kuhakikisha hakuna filamu ndani. Aweke kasi kwenye alama ya B, ambayo huliacha pazia wazi kadiri kidole kinavyobana kitufe. Afungue tundu la lenzi hadi mwisho. Kisha amulike kwa mbele na kutazama kwa nyuma, akiipindapinda kamera. Vumbi kidogo si neno. Mkwaruzo mmoja mwembamba si neno. Utando wa buibui ni neno kubwa, na muuzaji asemapo “utafutika tu”, mwambie aufute yeye kwanza.

Jambo hili lina upande wake wa nyumbani. Watu wengi huihifadhi kamera katika mfuko wake wa ngozi wakidhani wanaitunza. Ngozi hunyonya unyevu na kuukumbatia, na kuvu hupenda makao hayo. Kamera na itolewe katika mfuko, iwekwe ndani ya kopo au chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukaushia unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na redio. Vifuko hivyo navyo huchoka, kwa hiyo vibadilishwe. Na dawa iliyo bora kuliko zote ni kuitumia kamera mara kwa mara, kwani kifaa kinachotoka juani na kupata hewa hakiotewi upesi kama kilichofungiwa.

Ukaguzi

Baada ya lenzi, mnunuzi alisikilize pazia, ambalo mafundi huliita shata. Avute mkono wa filamu, abonyeze, na arudie kwa kila kasi iliyoandikwa. Sekunde moja iwe sekunde moja. Nusu iwe fupi kuliko hiyo. Robo iwe fupi zaidi. Pazia lililokaa miaka mingi bila kazi hugandwa na grisi, likasuasua katika kasi za chini. Kwa kasi za juu aielekeze kamera kwenye ukuta mweupe wenye mwanga, mgongo ukiwa wazi, atazame kwa nyuma huku akibonyeza: mwanga uonekane katika mraba wote, si upande mmoja tu. Kama pazia ni la kitambaa, alimulike gizani kwa tochi kutoka mbele. Kila nukta ya mwanga inayopenya itakuwa nukta nyeupe juu ya picha.

Akague zile sponji nyeusi pembezoni mwa mlango wa nyuma. Zikiguswa zikaacha uji mweusi kidoleni, zimekufa, na mwanga utaingia. Hili si kosa la kuikataa kamera, kwani sponji hubadilishwa kwa gharama ndogo; ni sababu ya kupunguza bei. Afungue mahali pa betri. Akiona ungaunga wa kijani au mweupe, ajue betri ilivuja. Azitazame bati nyembamba zinazofanya tundu la lenzi: ziwe kavu, zifunguke na kufunga bila kusita. Mwisho azungushe pete ya umbali. Iende laini, isikwame, wala isilegee kama kifuniko cha chupa.

Sasa tuje kwenye majina. Mwanafunzi atafute kamera inayofanya kazi kwa chuma na springi, ambayo betri, kama ipo, ni ya kipima-mwanga tu. Betri ikiisha, kamera iendelee kupiga. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, ni ya namna hiyo. Nikon FM ya mwaka 1977 nayo ni ya namna hiyo. Zenit E ya Urusi ya wakati wa Kisovieti haihitaji betri kabisa, kwa kuwa kipima-mwanga chake hujiendesha kwa mwanga wenyewe, ingawa baada ya miaka hiyo yote vipima vingi vya aina hiyo vimechoka na haviaminiki. Kasi zake ni tano tu pamoja na B, kuanzia sehemu moja ya 30 ya sekunde hadi sehemu moja ya 500. Ni nzito kama tofali, lakini ni mwalimu mkali mwenye kufundisha.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani iko sababu nyingine ya kuzifikiria kamera za huko. Zanzibar ilikuwa na uhusiano wa karibu na Ujerumani ya Mashariki tangu mwaka 1964, uhusiano ambao alama zake bado zimesimama Kikwajuni na Michenzani, na vijana wengi walikwenda kusoma katika nchi za Kisoshalisti. Si ajabu basi kabati la mzee kukutwa na Praktica ya Dresden au Zenit ya Moscow. Kabla ya kuagiza kamera ng'ambo, muulize babu yako.

Yako maonyo mawili juu ya kamera za zamani. La kwanza: katika kamera za Zorki za Kisovieti, mkono wa filamu huvutwa kwanza, ndipo kasi ibadilishwe. Anayebadilisha kasi kabla ya kuvuta aweza kuivunja mitambo ya ndani, na muuzaji asiyejua hilo huenda amekwisha kuivunja. La pili: kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo imeachwa kwa sababu zebaki ni sumu. Betri za leo za umbo hilo zina volti 1.5, na katika kamera nyingi kipima-mwanga huzidanganyikia, kikasema kuna mwanga zaidi kuliko uliopo. Mnunuzi apime kwanza kwa kulinganisha na kamera nyingine.

Bei na uaminifu

Waliopita vyuoni wanakumbuka somo la biashara katika fikihi: muuzaji anayejua ila ya bidhaa yake anawajibika kuitaja, na mnunuzi akikuta ila iliyofichwa ana hiyari ya kuirudisha. Hiyo ni busara ambayo hata sheria za serikali haziipingi, na katika kamera kuukuu ina faida kubwa, kwa kuwa ila nyingine hazionekani mpaka filamu isafishwe. Kwa hiyo tunashauri makubaliano yawekwe wazi kabla ya fedha kutoka mkononi: mnunuzi apige filamu moja ya kujaribia, na kama mwanga unavuja au pazia halifanyi kazi, kamera irudi na fedha irudi. Muuzaji akikataa, bei na iwe ya kitu kibovu. “Nauza kama kilivyo” ni maneno halali, lakini yana bei yake.

Mahali pema pa kununua ni kwa mpiga picha mzee aliyefunga studio. Huyo aliitumia kamera kwa riziki. Anajua ni lini ilifanyiwa matengenezo na mahali gani inakwama. Juu ya hayo, ukimpa heshima yake na kumwita mwalimu, atakufundisha bila malipo mambo ambayo hayamo katika kitabu.

Mwanga na nyuso zetu

Kuna kanuni ya zamani inayomtosha mwanafunzi asiye na kipima-mwanga. Katika jua kali, tundu la lenzi liwekwe kwenye namba 16, na kasi iwe karibu na namba ya filamu yenyewe: filamu ya 100 kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde. Wingu jepesi likija, tundu lifunguliwe hadi 11, wingu zito, 8, kivulini, 5.6. Mwanafunzi aikariri kama alivyokariri jedwali la kuzidisha.

Lakini kanuni hiyo haikutungwa kwa ajili ya uso mweusi chini ya jua la saa sita. Kwa miaka mingi katika karne iliyopita, kadi ambazo maabara za picha za rangi zilizitumia kupimia rangi zilikuwa na sura ya mwanamke Mzungu, na rangi za ngozi nyingine zilifuata baadaye. Kipima-mwanga nacho hudanganywa na anga nyeupe au kanzu nyeupe: kikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na uso wa mzee ukatoka kama kivuli kisicho na macho. Dawa ni kumkaribia mtu hadi uso wake ujae mbele ya kipima-mwanga, kusoma namba hapo, kisha kurudi nyuma na kupiga kwa namba hiyohiyo. Negativu husamehe mwanga uliozidi kidogo kuliko mwanga uliopungua. Tena saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni ni rafiki wa nyuso. Saa sita si rafiki wa mtu.

Kusafisha kijijini

Filamu nyeusi na nyeupe yaweza kusafishwa nyumbani, na hili ndilo linaloifanya kazi hii iwezekane Mikese na Micheweni. Kinachotakiwa ni tangi dogo lisilopenya mwanga, mfuko mweusi wa kulijazia, kipimajoto, na dawa. Ugumu wetu ni joto. Maelekezo mengi ya dawa yameandikwa kwa maji ya nyuzi 20, nayo maji ya bomba letu huvuka hapo mara nyingi. Kadiri maji yanavyokuwa moto dawa hufanya kazi upesi, kwa hiyo dakika hupunguzwa kwa kufuata jedwali la mtengenezaji. Au ndoo ya maji iwekewe barafu kutoka kwa muuza soda. La muhimu ni maji yote, ya dawa na ya kusuuzia, yawe na joto moja.

Mwaka 1995 wanafunzi wa Chuo cha Teknolojia cha Rochester, Marekani, pamoja na mwalimu wao Scott Williams, walionyesha kuwa filamu yaweza kuoteshwa picha kwa kahawa ya kuyeyuka iliyochanganywa na sodiamu kaboneti, ndugu wa magadi tuyajuayo. Baadaye watu waliongeza vitamini C ili kuipa nguvu. Nchi yetu hutengeneza kahawa ya kuyeyuka Bukoba. Hatudai kuwa kahawa ni bora kuliko dawa ya dukani, wala haiondoi haja ya dawa ya pili inayoifanya picha ikae, ambayo lazima inunuliwe. Tunasema tu kwamba ukosefu wa duka la picha si hukumu ya mwisho.

Waliotutangulia

Mwanafunzi asidharau kuanza na kitu duni. Marehemu Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza akiwa mwanafunzi kwa kamera ya sanduku aina ya Brownie iliyokwisha tumiwa na mwingine. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake Dar es Salaam, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliutikisa ulimwengu. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Mombasa walikuwa na Parekh, Lamu wakawa na Omar Said Bakor. Mabwana hawa walitofautiana kwa mengi, lakini wote walikuwa wakazi wa miji waliyoipiga picha. Waliwajua watu waliokaa mbele ya lenzi, nao waliwajua wao.

Mikese haijapata mtu wa namna hiyo anayejulikana. Treni ya mwendo kasi iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 husimama Ngerengere na Morogoro. Mabasi ya barabara kuu hupita usiku na mchana. Mambo yanabadilika mbele ya macho, na wazee wanaoukumbuka wakati wa vijiji vya ujamaa, stesheni ikiwa moyo wa mji, wanapungua kila mwaka. Hilo ndilo linalotufanya tuandike juu ya kifaa ambacho wengine wataona ni mchezo wa kitoto.

Neno kwa viongozi

Kwa watumishi wa serikali, Bara na Visiwani, tunayo maombi matatu. La kwanza ni juu ya ruhusa. Sheria inakataza kupiga picha sehemu zilizolindwa, na jirani ya Mikese ziko sehemu za jeshi. Kijana lazima alijue hilo, na aombe ruhusa kabla ya kuelekeza kamera stesheni, darajani au penye askari. Mohamed Amin huyohuyo aliwekwa gerezani Zanzibar mwaka 1966 kwa sababu ya picha. Lakini mtendaji wa kata naye asiione kila kamera kubwa kuwa ya jasusi. Mahali palipokatazwa pajulikane. Kwingineko mtu apige picha ya gulio na ya ngoma kwa amani. Na bandarini, msafiri aombapo filamu zake zikaguliwe kwa mkono, akubaliwe inapowezekana, kwa kuwa mashine mpya za ukaguzi zenye miale mikali huweza kuziharibu.

La pili ni shule. Kamera moja nzima, katika mikono ya mwalimu mmoja mwenye moyo, yaweza kufundisha darasa zima fizikia ya mwanga, kemia ya dawa na historia ya kijiji kwa pamoja.

La tatu, ambalo ni zito kuliko yote, ni negativu zilizopo. Studio zinafungwa, wenyewe wanafariki, na warithi wasiojua thamani huzichoma negativu pamoja na takataka. Zile zilizobaki zinaoza: filamu za zamani katika joto na unyevu huanza kunuka siki, hujikunja, na kuambukizana. Anayesikia harufu ya siki katika sanduku lake azitenge mara moja. Tunaziomba Nyaraka za Taifa, ile ya Zanzibar iliyoko Kilimani na wenzao wa Bara, zisingoje kuletewa. Ziwaendee wenye studio wangali hai, ziwaombe nakala, na ziandike pamoja nao majina ya watu waliomo.

Mnunuzi wetu naye anayo sehemu yake, nayo inaanza siku ileile filamu ya kwanza inapokauka. Aikate vipande vya picha sita sita, avitie ndani ya bahasha za karatasi, na juu ya kila bahasha aandike kwa penseli tarehe, mahali, na majina kamili ya watu, kuanzia kushoto kwenda kulia. Bahasha hizo ni amana. Kama waliomo ni vibarua wa stesheni, waandikwe majina yao na ya baba zao, ili mjukuu atakayezifungua mwaka 2080 asilazimike kusoma neno “mpagazi”.